Istilahi za Kutafutia: Uhakiki wa Maneno ya Kiswahili Yanayotumika Katika Hifadhidata za Maktaba

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu aanzapo utafiti siku hizi haelekezwi tena kwenye kabati la kadi. Huelekezwa kwenye hifadhidata, yaani mkusanyiko wa kumbukumbu za makala, vitabu na ripoti uliopangwa ndani ya kompyuta ili uweze kutafutwa kwa neno. Na kwa kuwa mwanzoni mada yake huwa bado haijapata umbo, hushauriwa aanzie kwenye hifadhidata zinazokusanya taaluma nyingi mahali pamoja, kama vile Academic Search, Scopus, Web of Science na JSTOR, ndipo baadaye aende kwenye zile za taaluma moja moja. Ushauri huo ni mwema, nasi hatuna ugomvi nao.

Linalotuhusu katika makala haya ni lugha. Maelezo ya kutumia hifadhidata hizo yameanza kuandikwa kwa Kiswahili, katika vijitabu vya maktaba, katika mihadhara na katika vitabu vya mbinu za utafiti. Tumeyasoma baadhi yake kwa makini. Tumeona juhudi inayostahili sifa. Lakini tumeona pia kwamba kila mwandishi ana istilahi zake, na kwamba baadhi ya istilahi hizo humpoteza msomaji badala ya kumwongoza. Kusudi letu ni kuzipima chache zilizo muhimu zaidi, kisha kueleza jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, Baraza na wakutubi hawana budi kulifanya kwa pamoja.

Huenda mtu akauliza: kuna hasara gani ikiwa huyu anasema hivi na yule anasema vile, maadamu wanaelewana? Katika mazungumzo ya kawaida hasara si kubwa, kwani msikilizaji huweza kuuliza. Hifadhidata lakini hujibu neno lililoandikwa, si nia ya aliyeliandika. Mwanafunzi akikosea neno, huletewa ukurasa mtupu. Na akishaletewa ukurasa mtupu, huandika katika sura ya kwanza ya tasnifu yake kwamba mada hiyo haijapata kutafitiwa. Kumbe imetafitiwa, tena pengine na mwalimu aliyestaafu katika idara ile ile. Basi kosa la istilahi hapa huzaa kosa la elimu.

Jina la chombo chenyewe

Chombo hiki kina majina yasiyopungua manne: hifadhidata, kanzidata, benki ya data na databesi. Kila moja lina wake wa kulitetea.

Databesi halina kosa la sarufi, ila halimfunulii kitu mtu asiyejua Kiingereza. Benki ya data linaeleweka haraka, lakini benki ni mahali pa kuweka na kutoa, atoaye hupunguza. Kumbukumbu za hifadhidata hazipungui kwa kusomwa. Kanzidata lina uzuri wake, kwani kanzi ni hazina. Walakini, hazina tunayoijua katika hadithi zetu ni ile iliyofukiwa, na chombo hiki kimeundwa ili kisifukie kitu. Hifadhidata nalo hutilia mkazo uhifadhi, ilhali kiini cha chombo hiki ni mpangilio: kila kumbukumbu imegawanywa katika sehemu za jina la mwandishi, anwani ya makala, mwaka, mada na ikisiri, ili kila sehemu iweze kuulizwa peke yake.

Pamoja na upungufu huo, sisi tunapendekeza hifadhidata libaki. Limekwisha kuenea, halina ugumu wa kutamkwa, na linakubali upatanisho wa kisarufi bila taabu: hifadhidata hii, hifadhidata hizi. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na watumiaji haifai kung'olewa kwa sababu tu imepatikana nyingine yenye maana ya karibu zaidi. Hata hivyo, haya majina matatu yaliyobaki yasitupwe; tutaeleza sababu huko mbele.

Taaluma nyingi si mseto

Hifadhidata zinazokusanya taaluma nyingi wengine wameziita za taalumamseto. Hapa hatukubaliani nao. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hata vikashikana. Mlaji hawezi tena kuchambua hiki na kile. Neno hilo lafaa sana kwa utafiti ambamo taaluma mbili zimeungana zikawa njia moja. Lakini ndani ya hifadhidata tunazozungumzia hakuna kilichopikwa. Makala ya udaktari yamekaa karibu na makala ya sheria, na ya sheria karibu na ya isimu, kama meza za sokoni: nazi huku, samaki kule, vitambaa pale, kila muuzaji na lugha yake ya biashara.

Tofauti hii ina manufaa kwa mtafiti. Akidhani kwamba ameingia katika mseto, atatumia neno moja na kutumaini kwamba limemfikisha kwa wote. Akijua kwamba yuko sokoni, atafahamu kwamba kila meza yataka kuulizwa kwa neno lake. Kwa hiyo tunapendekeza hifadhidata ya taaluma nyingi kwa ile ya jumla, hifadhidata ya taaluma moja kwa ile maalumu, na taalumamseto liachiwe utafiti uliochanganya njia.

Faharasa, ikisiri, matini kamili

Vijitabu vingi husema kwamba hifadhidata ina makala. Usemi huu si kweli daima. Baadhi ya hifadhidata ni faharasa tu: hutaja kwamba makala fulani yapo, nani ameyaandika na katika jarida lipi. Baadhi huongeza ikisiri. Baadhi hutoa matini kamili. Web of Science na Scopus kwa asili ni za kutaja na kuonyesha nani amemtaja nani. JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, iliundwa ili kutoa kurasa zenyewe za majarida. Mwanafunzi asiyejulishwa tofauti hii akikuta ikisiri peke yake hudhani kwamba makala hayapatikani, kumbe angemwendea mkutubi angeyapata rafuni au katika hifadhidata nyingine.

Katika kundi hili twapenda kutetea neno ikisiri dhidi ya muhtasari. Muhtasari limebebeshwa mizigo mingi: muhtasari wa kikao, muhtasari wa somo, muhtasari wa habari. Ikisiri lina kazi moja, nalo liachwe na kazi hiyo.

Tunalikataa, kinyume chake, neno mapitio rika, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa ule utaratibu wa makala kusomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Rika ni watu wa umri mmoja, waliotiwa jandoni pamoja au waliocheza pamoja. Mhakiki wa makala aweza kuwa mzee wa miaka 70 akimsoma kijana wa miaka 30, wala uzito wa uamuzi wake hautokani na umri bali na ujuzi. Tunapendekeza uhakiki wa wanataaluma wenza. Ni maneno manne badala ya mawili, lakini ni ya kweli, na mwanafunzi atakayeyaona pembeni ya orodha ya majibu atajua ni kitu gani anachokichagua.

NA, AU, BILA

Mwaka 1854 mwanahisabati wa Kiingereza George Boole alichapisha kitabu chake juu ya kanuni za fikra, na mantiki yake ndiyo inayotumiwa hadi leo kuunganisha maneno ya kutafutia. Viungo vyake vitatu wengine wameviita waendeshaji. Neno hilo humleta akilini dereva wa basi. Viunganishi vya kutafutia lingetosha, kwani kila aliyesoma sarufi anakijua kiunganishi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika maana. Mtu akimwambia mkutubi, "Nipatie makala kuhusu ushairi na tamthilia," anataka ya ushairi na pia ya tamthilia, yote mawili aletewe. Lakini kiunganishi NA katika hifadhidata hufanya kinyume: huleta yale tu ambayo ndani yake mna ushairi na tamthilia kwa pamoja, na kuyaacha mengine yote. Alichokitaka mtu yule hupatikana kwa AU. Hivyo NA hupunguza, na AU huongeza. Vitabu vya maelezo vinavyotafsiri neno kwa neno na kuishia hapo vimemwacha msomaji njia panda. Lazima viseme wazi kwamba NA ya hifadhidata siyo NA ya sokoni.

Kwa kiunganishi cha tatu tumekuta SI, SIYO, ISIPOKUWA na BILA. Tunachagua BILA. "Mwani SI Msumbiji" husomeka kama kauli inayokanusha jambo ambalo hakuna aliyelisema. "Mwani BILA Msumbiji" hueleweka mara moja. Ni vema pia ikumbukwe kwamba hifadhidata nyingi zinasubiri viunganishi hivi kwa Kiingereza, AND, OR na NOT. Kwa hiyo istilahi zetu ni za kufundishia na kuelewesha; kwenye kisanduku cha kutafutia mwanafunzi ataandika kile kinachotambuliwa na chombo.

Lugha inayobadilika mwanzoni

Sasa tufikie kosa ambalo tumelikuta karibu katika kila kijitabu. Msomaji hufundishwa kwamba akitaka kupata aina zote za neno, aandike shina lake na kuweka alama ya nyota mwishoni. Kwa Kiingereza ushauri huu hufaa, kwa kuwa maneno yake mengi hubadilika mkiani. Maneno yetu hubadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo, ukulima: nyota ya mwisho itafaa nini hapa? Na hifadhidata nyingi hazikubali nyota iwekwe mwanzoni mwa neno. Anayefuata maelezo hayo kama yalivyo amevishwa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Dawa ipo, nayo ni AU. Mtafutaji wa Kiswahili hana budi kuandika umoja na wingi, mtendaji na tendo: mtafiti AU watafiti AU utafiti AU tafiti. Hata jina la lugha yetu ladai hivyo hivyo. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo vichwa vyake vya mada hufuatwa na maktaba nyingi duniani, huiita "Swahili language". Anayeandika Kiswahili peke yake, au Swahili peke yake, huona nusu ya shamba. Jarida ambalo leo linaitwa Kiswahili lilianza katika miaka ya 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, baadaye likaitwa Swahili, ndipo likapata jina lake la sasa. Mwenye kulitafuta kwa jina moja tu atalipata kipande.

Mfano wa mwani

Tuchukue mfano mmoja tuone mambo haya yanavyokutana. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwanafunzi anataka kujua kilimo hicho kimebadilisha vipi maisha yao. Akiandika mwani peke yake, atapata makala machache, na asishangae akiletewa pia maandishi juu ya Kimwani, lugha ya watu wa pwani ya Cabo Delgado huko Msumbiji. Akiandika BILA Msumbiji ili kuyaondoa, atayaondoa pia makala yanayolinganisha mwani wa Zanzibar na wa Msumbiji, ambayo huenda ndiyo angeyahitaji zaidi. BILA ni kisu cha pande mbili.

Basi afanye nini? Kwanza aiandike mada yake kwa sentensi moja, kisha aivunje katika mawazo makuu matatu: mwani, wanawake, Zanzibar. Kila wazo aliandikie fungu lake la maneno, akiyaunga kwa AU. Katika fungu la kwanza ataweka mwani na majina yake ya Kiingereza, na pia majina ya Kilatini, kwani mwanabiolojia hutumia hayo. Hapa tena majina yamehama: aina ambayo wafanyabiashara huiita kotonii ilihesabiwa zamani katika jenasi Eucheuma, na baadaye ikahamishiwa Kappaphycus. Asiyejua jina la kale hukosa maandishi ya kale. Katika fungu la pili ataweka mwanamke, wanawake, jinsia, kipato na kaya, maana mchumi hazungumzi kama mwanasosholojia. Katika la tatu ataweka Zanzibar, Unguja, Pemba na Tanzania. Mwishowe atayaunga mafungu matatu kwa NA.

Majibu yakija, asikimbilie kuyasoma yote. Aangalie kwanza vichwa vya mada vilivyowekwa na wakutubi kwenye makala mawili matatu yaliyomfaa. Neno msingi ni la mwandishi, naye huchagua apendavyo. Kichwa cha mada ni cha mkutubi, naye huchagua neno moja kwa mada moja na kulishikilia. Akishakipata kichwa hicho, atafute tena kwa hicho, kisha akipeleke kwenye hifadhidata ya biolojia, au ya uchumi, au ya masomo ya jinsia, kadiri mada ilivyojielekeza. Hiyo ndiyo kazi ya hifadhidata ya taaluma nyingi: kumwonyesha mtafiti ni meza zipi zinazouza anachokitaka, na kila meza inakiita kwa jina gani.

Tunachopendekeza

Msomaji amekwisha kuona kwamba kazi ya mkutubi na kazi ya Baraza ni ndugu. Wote wawili hukuta majina mengi ya kitu kimoja, huchagua moja, na kulitangaza. Lakini mkutubi hufanya jambo ambalo orodha zetu nyingi za istilahi hazilifanyi. Jina alilolikataa halitupi. Huliacha mahali pake na kuandika mbele yake: tazama. Hivyo anayekuja na jina la mtaani, au la kale, au la nchi jirani, harudishwi mlangoni; hushikwa mkono na kupelekwa kwenye jina lililochaguliwa.

Orodha zetu nyingi zimepangwa kwa kufuata neno la Kiingereza, na mbele yake likawekwa neno moja la Kiswahili lililoshinda. Yaliyoshindwa hayaonekani. Matokeo yake, aliyejifunza kanzidata hajui kwamba wenzake huandika hifadhidata. Naye akitafuta kwa neno lake, hukuta maandishi ya wale wanaosema kama yeye tu. Usanifishaji ambao haukuacha njia ya kutoka neno la zamani kwenda jipya umegawa wasomaji badala ya kuwaunganisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila orodha ya istilahi itakayotolewa iwe na faharasa ya Kiswahili, nayo itaje pia majina yasiyosanifiwa: databesi, tazama hifadhidata, kanzidata, tazama hifadhidata. La pili, wahariri wa majarida ya Kiswahili wadai kwa kila makala ikisiri na maneno msingi, na miongoni mwa maneno hayo yawemo visawe vinavyotumika, pamoja na ikisiri ya pili kwa Kiingereza. La tatu, Baraza na wakutubi watunge pamoja orodha ya vichwa vya mada vya Kiswahili. Jambo hili si ndoto. Orodha ya istilahi za kilimo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iitwayo AGROVOC, ambayo ilianza katika miaka ya 1980, ina lugha nyingi zilizounganishwa dhana kwa dhana, na Kiswahili ni mojawapo. Lililowezekana kwa mahindi na mbolea litawezekana kwa fasihi, sheria na elimu.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba hifadhidata hizi ni za Kiingereza, basi mwanafunzi na atafute kwa Kiingereza, mambo yaishe. Nusu ya kauli hiyo ni kweli: lazima atumie na Kiingereza. Lakini majarida yetu mengi hayamo kabisa katika hifadhidata kubwa, kwa sababu kila hifadhidata huchagua itakachokiingiza. Na yaliyomo, kama yale yaliyokusanywa katika African Journals Online tangu mwaka 1998, hayatajitokeza kwa asiyejua yameandikwa kwa maneno gani. Tukiwafundisha wanafunzi kutafuta kwa Kiingereza tu, tutawafundisha kuamini kwamba waliotangulia kuandika kwa Kiswahili hawakuandika kitu.

Mpaka mapendekezo yetu yatekelezwe, tungewaomba walimu wasimamizi wakatae sentensi moja katika tasnifu: "Hakuna utafiti uliofanywa kuhusu mada hii." Mahali pake mwanafunzi aandike ametafuta katika hifadhidata zipi, kwa maneno yapi, katika lugha zipi, na tarehe gani. Sentensi hiyo ya pili ni ndefu, haina majivuno, na atakayekuja baada yake ataweza kuanzia pale alipoishia.